Sala Saba za Jumapili Moja

Niseme mapema ili tusisumbuane: nyumbani kwangu chakula hakiwekwi mezani chote kwa pamoja. Anayetaka kuona sufuria zote zimepangwa mbele yake, bugali huku, sombe ya majani ya muhogo huku, samaki kule, aende kwa dada zangu, watampokea vizuri. Mimi natoa kimoja kimoja. Cha kwanza kinakuja, kinaliwa, sahani zinaondoka, kisha kinakuja cha pili, mpaka vitimie vitano. Nikiona mgeni anachungulia mlango wa jikoni, namwambia tulia papa, hukuja kuchukua moto.

Nyumba yenyewe iko juu ya kilima, njia ya Sake, mahali ambapo mtu akikaa barazani analiona ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo. Mume wangu aliijenga kwa mawe meusi ya volkano, na mawe yale yalimla ngozi za vidole. Alikuwa anasema tutapokea watu wa mjini waliochoka na vumbi na kelele za soko la Birere, walale Jumamosi, wale vizuri Jumapili, warudi kazini wakiwa watu. Moyo wake ulisimama ghafla, kabla mlango wa chumba cha tano haujapakwa rangi. Nililia mwaka mzima. Halafu asubuhi moja nikachukua brashi nikaupaka mwenyewe, rangi ya kijani, na nikaupaka vibaya. Mistari inaonekana mpaka leo. Wiki iliyofuata nilianza kupokea wageni.

Chakula cha Kifaransa nilijifunza kwa masista wa Bukavu nilipokuwa msichana. Walitufundisha kwamba kisu kinakaa kulia, kwamba supu hailiwi kwa sauti, na kwamba mgeni hapewi nyama kabla tumbo lake halijaamshwa. Sikuwahi kuyatumia maneno hayo mpaka nilipompata mpishi wangu. Huyu ni muzee mwembamba, naye wa Bukavu, aliyewapikia mapadri tangu ana nywele nyeusi mpaka zilipoisha. Anazungumza na sufuria kuliko na watu. Siku ya kwanza alikagua jiko langu, akafungua kabati, akahesabu sahani, akaniuliza zile zingine ziko wapi.

"Ni hizo tu, papa."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

Akatikisa kichwa, lakini akavaa tabilia yake, ile nguo ya mpishi ya kufunga kiunoni. Ndiyo maana kati ya chakula na chakula kwangu palikuwa na kusubiri. Sahani zilitoka mezani, zikaoshwa, zikafutwa, zikapashwa moto kidogo, ndipo zikarudi. Mfereji haukuwa na maji kila siku, kwa hiyo tulichota kwenye pipa. Wageni waliozoea walitumia muda ule kutazama ziwa. Wasiozoea walitazamana.

Sasa, mjini watu wana midomo. Ilisemekana kwamba kwangu mtu anapewa samaki wadogo sita katika sahani kubwa, na anaambiwa asante. Neno hilo lilitembea mpaka likafika kwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na huyo ndiye mwenye neno la mwisho katika familia yao. Alikuwa mkateshista, mwalimu wa dini wa parokia, miaka mingi kabla ya kupumzika. Sitaki mtu amchukie. Ni mtu mwema, anayekuja kukuona ukiugua na anakaa mpaka unamwomba aende. Lakini karatasi za kiwanja changu yeye ndiye aliyekuwa amezishika tangu mazishi, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa kwao. Na mfanyabiashara mmoja wa Birere alikuwa amemwendea, akitaka kuipanga nyumba yote aweke magodoro yake ya kuuza.

Muzee huyo, shemeji yangu, alinipigia simu Jumatatu. "Mama, nitakuya kula kwako siku ya Mungu. Nitaona na macho yangu. Kama nyumba inakutunza, utabakia. Kama haikutunze, utarudia ku famiye. Chumba iko. Ule wa magodoro nimemuambia angoje mupaka Jumatatu ingine."

Chumba hicho nakijua. Kiko nyuma ya nyumba yao ya mjini, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilikata simu nikakaa juu ya gunia la makaa na nguo safi, sikujali. Mtu anipikie, anifulie, aniambie saa ya kulala, mimi, na umri huu. Na mlango wangu wa kijani ufunguliwe kwa ajili ya magodoro.

Wiki ile nilikuwa mkali hata kwa kuku. Alhamisi nilipokea karoti na vile vitunguu virefu vya majani, puaro, vilivyoteremka kutoka Kibumba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na nikagombana na mwenye chukudu kwa sababu karoti zilikuwa na udongo, kana kwamba zingetoka mawinguni. Jumamosi mpishi aliilaza nyama ya Masisi ndani ya mvinyo mwekundu. Nikamzunguka, nikaonja, nikasema chumvi. Akasema si bado. Nikasema mimi naona chumvi. Akaninyang'anya kijiko, na kwa mtu kama yule hilo ni baya kuliko matusi.

Ndipo nikasema lile lililokuwa linanisumbua usingizi. "Papa, kesho tuweke vyote mezani mara moja. Siku moja tu. Muzee aone sufuria, aridhike, aende."

Aliweka kisu chini taratibu. Akafungua kamba ya tabilia, akaikunja, akaiweka mbele yangu. "Basi pika wewe, mama. Mimi sitamupikia mutu chakula ya kuogopa."

Nilimrudishia tabilia yake kwa mikono miwili.

Jumapili walifika kutoka misa, muzee na mke wake, ambaye sisi wake wa wadogo tunamwita mama mukubwa. Muzee alivaa koti la kahawia na alishika bahasha ya kaki. Sikuhitaji kuuliza kilichomo, ni karatasi za kiwanja changu. Alipokaribishwa kiti cha mwanzo wa meza aliiweka kwenye kiti, akaikalia. Mama mukubwa alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge, akakisukuma chini ya meza kati ya miguu yake. Wageni wengine walikuwa wanane, wafanyakazi wa ofisi moja ya mjini waliolala kwangu. Jumla kumi. Nilikuwa nimewaomba wavae vizuri na wale kwa furaha, na mmoja akaniuliza kama kuna mtihani. Nikamwambia uko, na ni wangu.

Muzee aliomba sala ya kufungua, fupi na safi. Nikaleta sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo, sita kwa kila mtu, na kipande cha limau. Sambaza wa ziwa letu hawaliwi kwa uma, hata masista walijua hivyo, basi watu walikula kwa vidole. Muzee alimaliza wa kwake haraka. Aliinua limau, akalitazama huku na huku, akalirudisha.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Niliona vidole vya watu vinang'aa mafuta, nikaona aibu ya masista, nikachukua jagi, beseni, sabuni na taulo nikapita kuwanawisha. Nilianza na muzee kwa heshima. Kwetu sisi maji ya kunawa yanakuja mara mbili, kabla ya kula na baada ya kula. Hakuna mara ya tatu. Mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba maji yakija na sahani zimeondoka, chakula kimekwisha, mshukuru Mungu mwende. Mimi nilikuwa na kichwa kimejaa puaro. Nikakusanya sahani, nikampelekea mpishi kwenye pipa, nikaacha watu kumi wenye mikono mikavu mbele ya meza tupu.

Tulikuwa tumefuta sahani ya saba niliposikia kiti kinavutwa. Nikaja mlangoni na upawa mkononi. Muzee alikuwa amesimama na amefumba macho.

"Baba Mungu, tunakushukuru juu ya hizi sambaza. Zilikuwa kidogo, lakini zilitoka ku roho. Huyu mama ni mujane. Ametugawia kile iko nacho, na pengine yeye mwenyewe hakukula. Utusamehe sisi ndugu, tulimuacha peke yake huku ku mawe. Kesho tutamuchukua arudie ku famiye, akule pamoya na wengine. Amina."

"Amina," wakasema wote, na wale wateja wangu wanane nao, watu waliokula kwangu mara mbili tatu na wanaojua kabisa kwamba nyama ilikuwa bado motoni. Nani atamkatiza mtu mzima akiwa anaongea na Mungu? Mmoja alikuwa amefungua jicho moja, ananitazama mimi na upawa wangu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na kicheko kikaja nyuma yake, na machozi nyuma ya kicheko. Nilisema, "Muzee, hatuyamaliza. Supu iko inakuya."

"Supu?"

"Supu. Halafu nyama. Halafu fromaji, halafu deseri."

Akanitazama kwa huruma, kama anayesikiliza mgonjwa wa homa. Halafu harufu ya nyama ikatoka jikoni ikamfikia, nikaona pua yake imeipokea. Lakini alibaki amesimama. "Mama, nilisha kufunga sala. Maisha yangu yote sikushukuru Mungu na kumuaga, halafu nirudilie kula mbele yake. Nilifundisha watoto wa watu vile. Hapana." Na akainama kuchukua bahasha yake.

Wageni walianza kukunja vitambaa vyao. Kichwani nilishamwona mfanyabiashara wa magodoro anapanda kilima changu. Nikageuka kutazama jikoni.

Mpishi ndiye aliyetoka. Tangu nimjue hajawahi kutoka jikoni watu wakiwa mezani. Alikuja na sahani yenye maji bado mkononi, akasimama mbele ya muzee, wakalingana urefu.

"Muzee, minakuuliza kama mukateshista. Mutu akiomba mara ya pili, Mungu anachoka?"

Muzee alifikiri. Swali la dini kwa mkateshista haliachwi hivi hivi. "Hachoki," akasema.

"Na mutu akifunga mulango wakati wageni hawajaingia wote, anafanya nini?"

"Anafungua."

"Basi fungua, muzee. Supu inapoa."

Mama mukubwa akasema bila kuinua macho, "Baba ya watoto, keti, miguu yako inauma." Sijui ni theolojia ya mpishi au ni miguu, lakini muzee aliirudisha bahasha kitini. Akafumba macho tena.

"Baba, ni mimi tena. Tuliharakisha. Bariki supu."

Supu ililiwa kimya, na masista wangefurahi. Nilipokusanya sahani sikuthubutu kuleta hata tone la maji. Muzee aliweka mikono juu ya meza na kunifuata kwa macho, nikienda, nikirudi, kama anayehofia nitatoroka. Nyama ilipofika, nyeusi kwa mvinyo na karoti pembeni, aliuliza, "Hii ndiyo ya mwisho?" Nikasema siyo. Naona hapo alikata shauri kuomba kila sahani kivyake, asije akashikwa tena. Akaiombea nyama, sala ndefu kidogo, akawataja na ng'ombe wa Masisi.

Mama mukubwa alingoja amina, kisha akainama chini ya meza. Kitenge kikafunuliwa. Akatoa bugali, bonge zima, limefungwa katika majani ya ndizi na bado lina joto.

"Nilisikia kwako hakuna kushiba," akaniambia bila aibu yoyote. "Nikasema nisikuye mikono mitupu."

Basi. Bugali kwenye kitambaa changu cheupe. Nilitaka ardhi inimeze, au immeze yeye, sikuchagua. Lakini tayari alikuwa analikata kwa kisu cha masista na kuwagawia watu wote kumi, na wale wa ofisi walinyoosha sahani kama watoto. Mpishi alikuwa mlangoni. Nilijua leo tabilia inakunjwa moja kwa moja. Akamtazama muzee anavyochovya bugali ndani ya mchuzi wa mvinyo, anavyofumba macho, safari hii si kwa sala. Akarudi jikoni. Nilipomfuata alikuwa ananawa mikono.

"Inabeba muchuzi kupita mukate," akasema. "Kila Jumapili tuweke." Na tunaweka mpaka leo.

Fromaji, yaani jibini, aliiombea kwa maneno matatu. Nilimletea duara zima la Masisi na kisu, kama tunavyofanya, akate anachotaka. Hakukata. Alikaa nalo mbele yake muda mrefu hata mama mukubwa akamgusa mkono.

"Huyu ndugu yangu," akasema, na sote tulijua nani, "alipokuwa kijana alifanya kazi kule juu Masisi. Kila Noeli alikuwa anatuletea moya ku mufuko. Alikuwa anakata hivi, kwa kona, anakulia ukoko kwanza." Akakata kwa kona. Akala ukoko kwanza.

Mume wangu alikuwa anakula hivyo. Nilikuwa nimemgombeza kwa jambo hilo miaka kumi na tisa, kwamba anaharibu duara. Niliingia jikoni nikakaa tena juu ya lile gunia la makaa, na mpishi akanipa kitambaa cha sahani. Nilikuwa namkumbuka mume wangu siku ile kuliko siku ya kaburi, na wakati huohuo nilikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa ametajwa mezani pake.

Deseri ilikuwa krimu ya mayai na sukari iliyoungua, na matunda ya marakuja juu. Aliiombea nayo. Mama mukubwa alimaliza ya kwake, akasema daktari amemkataza sukari, akaomba nyingine.

Nilipokusanya sahani za mwisho muzee aliniita. "Sasa imeisha?"

"Imeisha, muzee."

"Kabisa?"

"Kabisa. Imebakia kahawa tu."

"Kahawa haiko chakula." Akanyoosha mikono, na safari hii nilijua anataka nini. Nikaleta jagi, beseni, sabuni na taulo, nikamnawisha polepole, kidole kwa kidole. Akasimama. Watu wakasimama naye. Mpishi akatoka mlangoni bila kuitwa.

"Baba Mungu, ile neno nilikuambia ku sambaza, uiache. Nilisema bila kujua. Huyu mama hatutamuchukua. Nani atawapatia hawa watu chakula? Na kule iko ndugu yangu, umuambie asihangaike. Umuambie ku nyumba yake watu wanakula mupaka wanaomba mara saba. Amina."

Nilifunika uso kwa taulo lililolowa maji ya watu.

Muzee aligeuka kwenye kiti, akaichukua bahasha. Ilikuwa imekunjamana na ina joto, maana alikuwa ameikalia tangu saa sita. Akaiweka mikononi mwangu mbele ya wote. "Weka penye unawekaka vitu vyako," akasema. "Magodoro yatatafuta kwao." Halafu akaongeza, akionyesha mpishi kwa kidevu, "Na ununue sahani. Mutu anazeeka hapa akingoja."

Sikupata nafasi ya kununua. Alhamisi pikipiki ilipanda kilima na katoni imefungwa kwa mpira nyuma. Ndani mlikuwa na sahani ishirini na nne, nyeupe, hakuna barua. Mpishi alizihesabu mara mbili, akazipanga kabatini, na jioni ile nilimsikia anaimba.

Muzee anakuja kila mara sasa, na haji peke yake. Juzi alileta rafiki yake, mkateshista mwenzake, mtu mgeni kabisa wa nyumba yangu. Maji baada ya sambaza bado naleta, vidole vya watu vinanuka samaki na mimi siachi niliyofundishwa. Nilimnawisha mgeni, nikaondoa sahani yake, nikaelekea jikoni. Nikasikia kiti kinavutwa. Niligeuka, na yule mgeni alikuwa amesimama wima, amefumba macho, mdomo umeanza kufunguka, na muzee anamvuta koti kwa mkono ulio bado na maji.

"Keti, ndugu yangu," akamwambia. "Bado kuna nyama."